Nguru wa Wageni

Biasha binti Hasani alikuwa mwanamke pekee kijijini kwetu, kusini ya Kilwa Masoko, aliyemiliki mashua. Aliachiwa na marehemu mumewe, pamoja na nyavu za jarife na mabaharia wa kuzitega. Yeye hakwenda baharini. Alipokea nguru ufukweni, akawakaanga na kuwakausha, kisha akawapeleka Kiranjeranje, ambako wakulima walimpa mahindi na muhogo. Hivyo ndivyo alivyolea wanawe.

Miaka ile ya tisini, wawekezaji walipofunguliwa milango, hoteli ilijengwa kwenye rasi inayotazamana na kijiji. Wageni wake walikuja kuvua kwa kujifurahisha. Baadaye wataalamu wakasema nguru wanapungua, kwa hiyo kila mwaka kuwe na kikomo, na kikomo hicho kigawanywe. Hilo hatukulipinga. Hata Biasha alikuwa akilalamika kwamba nguru wa siku hizi hawajai sufuria. Kilichotuchoma ni mgawo wenyewe: katika kila nguru kumi, sita wa hoteli, wanne wetu.

Aliyeukubali kwa niaba yetu alikuwa mwenyekiti wa wavuvi, Abdurahmani, mdogo wake Biasha wa tumbo moja.

"Sita kwa watu wasio na njaa?" Biasha alimuuliza mbele ya watu.

"Dada, wameahidi kutuchimbia kisima. Na ajira."

"Kisima kinaliwa?"

Abdurahmani akacheka kidogo, akageuka kuzungumza na wengine.

Mgawo wetu ulikwisha mwezi wa nane. Mashua zikapandishwa mchangani, majarife yakatundikwa. Waliobaki na mishipi walihangaika na changu wadogo. Boti za hoteli, kwa kuwa mgawo wao ulikuwa bado, ziliendelea kutoka kila asubuhi zikinguruma mbele ya macho yetu.

Siku moja Biasha alipeleka mayai jikoni hotelini. Akakuta nguru wamening'inizwa kwa mikia kwenye mti, wageni wanapiga picha kando yao. Picha zilipokwisha, mpishi mmoja aitwaye Haruna, mtu wa Mitwero, aliwashusha, akawatia kwenye toroli na kuwasukuma hadi nyuma ya jiko. Biasha akamfuata. Huko kulikuwa na shimo.

"Hawaliwi hawa?"

"Jokofu limejaa, mama," Haruna alisema bila kumtazama. "Tumeambiwa tuwafukie."

Biasha akachungulia. Waliokuwa juu macho yao bado yalikuwa maangavu. Mmoja alikuwa na urefu wa mtoto wa darasa la pili. Waliokuwa chini walikwisha kuoza. Akaondoka, mayai akayasahau palepale chini.

Kesho yake alirudi na wanawake wa kijiji, kila mmoja na kapu lake. Walipita katikati ya meza za wageni, hawakumsalimu mtu. Mgeni mmoja alikuwa amesimama chini ya samaki wake, anatabasamu. Biasha akakata kamba. Nguru wakaporomoka miguuni pake, wanawake wakaanza kujaza makapu.

"Wezi!" meneja alipiga kelele. "Mwiteni mwenyekiti wao!"

Abdurahmani alikuja mbio, kanzu kaishika mkononi. "Dada, unaniaibisha. Rudisha samaki wa watu."

"Samaki wa watu?" Biasha akamkamata mkono, akamburuta hadi kwenye shimo. "Angalia! Angalia ulichotugawia!"

Abdurahmani akaziba pua. Meneja, alipoona wageni wanakusanyika, akalainisha sauti. Alisema basi, kuanzia leo samaki wakishapigwa picha, kijiji kitapewa bure.

"Umesikia, dada?" Abdurahmani akapumua. "Watatupa."

Hapo ndipo Biasha alipowaka kweli.

"Watatupa! Mimi ombaomba? Wachezee riziki yangu, wakichoka wanitupie makombo, nami niseme ahsante? Sitaki kupewa. Nina mashua, nina nyavu, nina mabaharia wamekaa mchangani kama wagonjwa. Nataka mgawo wangu!"

Polisi walimchukua. Alilala mahabusu, akatoka kesho yake bila mashtaka, maana hoteli haikutaka habari za shimo zifike mahakamani. Wavuvi hawakumngoja hata aoge; walikutana siku ileile, wakamwondoa Abdurahmani kwenye uenyekiti, wakagoma kuutambua mgawo. Mvutano ukaendelea hadi mwaka ukaisha. Mwaka uliofuata mgawo ukawa nusu kwa nusu, na hoteli ikakatazwa kufukia samaki.

Watu wakamwambia Biasha ameshinda. "Nimeshinda nini?" alijibu. "Nusu ya bahari bado ni ya kupigia picha."

Mashua yake iliporudi na nguru wa kwanza, Abdurahmani alishuka ufukweni. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Shikamoo, dada."

Biasha alimsikia. Akainama, akaendelea kupasua samaki.