Viti vya Wageni Ndani ya Kompyuta

Mbolea ilikuwepo. Duka ni langu, hapa Inyonga, na mifuko ilijaa stoo hadi nikawa napita kiubavu. Lakini mbolea ya ruzuku haiuzwi bila ruhusa ya kompyuta kubwa ya ushirika, ile inayopokea maombi ya wakulima wote.

Kila asubuhi mteja wangu Emelyne alikuja dukani. Mahindi yake yalikuwa magotini na yameanza kuwa ya njano. Kila asubuhi simu yake ilipata jibu lile lile: foleni imejaa, jaribu baadaye.

Siku moja nikachoka. Nikafunga duka, nikamshika mkono, tukaenda kwa Aloyce, fundi wa hiyo kompyuta.

"Imejaaje na watu hawapati?" nikamuuliza.

Aloyce akakuna kichwa. "Nusu ya nafasi imetengwa, mama. Ya wageni wa heshima. Meneja ndo kaagiza."

"Wageni gani?"

"Wowote watakaokuja. Si nyie mnaona kwenye sherehe, viti vya mbele vinavishwa kitambaa cheupe, havikaliwi na mtu? Na humu ni hivyo hivyo."

"Hao wageni wanalima wapi?" Emelyne aliuliza kwa upole.

Mimi upole sikuwa nao. Nilimwita meneja Wiliam atoke nje, mbele ya watu, nikamwambia mahindi ya mwenzangu yanakufa kwa kuheshimu viti vitupu.

Wiliam wala hakukasirika. Alisema nafasi haifunguliwi kienyeji, lazima pawe na hafla: utepe, ngoma na mgeni rasmi. Akaketi kutuma ombi la kumwalika huyo mgeni. Kompyuta ikamjibu: foleni imejaa. Nafasi za wageni hazikumhusu, maana yeye ni mwalikaji tu.

Ikabidi mwaliko uende kwa basi. Wiki zikapita. Mgeni akaja, akakata utepe, akala pilau, akapigiwa makofi, na mimi sikupiga hata moja.

Jioni ile nilimkuta Emelyne shambani kwake. Ng'ombe wa Mwandu, mfugaji jirani yake, walikuwa wanamalizia mahindi. Alikuwa amemuuzia yawe malisho, maana hayakubeba kitu. Simu yake ikalia. Akasoma, akanisogezea nione.

"Wamenikubalia, Mama Gabrieli," akasema. "Sasa hiyo mbolea nikaiweke wapi?"