Mguu wa Kushoto wa Katunge

Kanisani kwao Tawa, mara nne kwa mwaka kabla ya Meza ya Bwana, waumini huoshana miguu wawili wawili, wanaume mbele ya mimbari na wanawake katika darasa la watoto. Kwa miaka kumi na mmoja Katunge alikuwa akioshana na Wangechi. Mwanzo wake ulikuwa kukosa wenza tu: Wangechi alikuwa mgeni kutoka Nyeri, mnunuzi wa ndengu, hakuna aliyemchagua, na Katunge alikuwa amechelewa. Siku hiyo Wangechi, akiwa amepiga magoti, aliuliza bila kuinua uso, "Nikuombee nini? Kile cha kweli, si kile cha kusema mbele ya watu." Katunge alishtuka, akajibu kweli. Tangu hapo hawakuwahi kudanganyana penye beseni, na kila mmoja alijua mambo ya mwenzake ambayo hata mumewe hakuyajua.

Sabato hii Katunge alikuja amevaa soksi nzito na viatu vya kufunga kamba, na jua lilikuwa kali. Alikuwa ameamua asioshwe.

Mwezi wa kwanza alisimama akashuhudia kwamba Mungu amemponya kisukari. Mashine ya kliniki ilikuwa imesoma sukari sita nukta mbili, kiwango cha kawaida. Namba ilikuwa ya kweli. Ambacho hakukisema ni kwamba alikuwa bado akimeza vidonge asubuhi na jioni, na namba ile ilikuwa kazi ya vidonge. Kanisa lilishangilia. Baada ya shangwe ile, kila kidonge alichokishika alikiona kama kumwita Mungu mwongo. Mwezi wa pili akaviacha. Mwezi wa sita, akivuna ndengu, mwiba ulimwingia kwenye unyayo wa kushoto, naye akaujua jioni tu, alipoona damu kwenye ndala. Mguu ulikuwa umekufa ganzi. Sasa ilikuwa wiki ya tatu, na kidonda kilikuwa kinanuka. Shangazi yake aliyeishi Tulia alikatwa mguu kwa kidonda kama hicho. Katunge aliogopa kukatwa, na aliogopa kanisa lijue, wala hakuwa na hakika ni hofu ipi iliyokuwa kubwa.

"Keti," Wangechi alisema, leso kiunoni. "Maji yanapoa."

"Leo nitakuosha wewe tu. Mimi nina mafua."

"Mafua ya miguu?"

Mutindi, aliyekuwa akimfuta jirani yake miguu, alicheka. "Mkikuyu umshinde maneno? Thubutu!"

Katunge alipiga magoti, akamwosha Wangechi, akamfuta kwa taulo. Wangechi akangoja hadi Mutindi alipoinuka na beseni lake.

"Nikuombee nini?"

Katunge alifungua kinywa aseme aombewe mvua. Badala yake alikaa kwenye kiti, akafungua kamba za kiatu mwenyewe, akaivua soksi.

Wangechi hakuomba. Aliugeuza mguu kwenye mwanga wa dirisha kama anavyogeuza ndengu kiganjani akitafuta fukusi.

"Wiki ngapi?"

"Ya tatu."

"Dawa uliacha lini?"

"Nani amekuambia niliacha?"

"Nimekuuliza lini, Katunge."

"Mwezi wa pili."

Wangechi aliuweka mguu juu ya goti lake. "Nilijua. Mwezi wa tatu nilikuja kwako, na kile kikopo cha dawa kinachokaa dirishani hakikuwapo. Na ulikuwa unakunywa maji kama ng'ombe. Nikaona, nikanyamaza. Niliogopa wataniambia sina imani, mtu wa kuja. Nikawacha uoze mguu ili mimi nionekane mwaminifu. Nisamehe."

Katunge alikuwa amejiandaa kwa karipio. Kwa kuombwa msamaha hakuwa amejiandaa, na machozi yakamtoka mbele ya darasa zima.

"Usiwaambie," alisema.

"Siwaambii. Utawaambia wewe, na mimi nitasimama kando yako niseme langu. Lakini kwanza daktari."

"Na Meza ya Bwana je?"

"Bwana hatahama. Hicho kiatu usikirudishe."

Hakuuosha ule mguu. Aliufunga kwa kitambaa safi, akamtoa kwa mlango wa nyuma, akimshika kwapani.

Mashine ya kliniki ilisoma ishirini na moja nukta nne. Daktari alikata nyama iliyokufa, akapima kina, akasema mfupa haujaguswa. Wangengoja wiki moja zaidi, angekuwa na habari nyingine. Alimwandikia sindano za insulini na kumwambia arudi kila siku ya pili kubadilishwa bendeji. Mguu ungepona, alisema, kama mwenyewe angefuata masharti.

Sabato iliyofuata Mzee Musyimi, msimamizi wa shuhuda, ambaye Katunge alikuwa amemweleza mapema atakachosema, aliwaona wakija mbele, Katunge na mkongojo, Wangechi nyuma yake. Akashuka kuwazuia kwa sauti ya chini. "Dada zangu, si tuliache hili? Litawavunja moyo walio wachanga."

"Mzee," Wangechi alisema, "wakikatwa miguu, moyo watatiwa na nani?"

Musyimi akawapisha.

Katunge alisema kwa Kikamba, kwa utaratibu, kama mtu anayesoma orodha. Sita nukta mbili, akimeza dawa. Ishirini na moja nukta nne, bila dawa. "Mungu hakunidanganya," alimaliza. "Ni mimi niliyemtia maneno kinywani." Kisha Wangechi akasema lake, alichokiona na kwa nini alinyamaza, kwa Kikamba kibovu ambacho siku nyingine kingewachekesha.

Hakuna aliyesema haleluya. Kisha Mama Nyamai, mwenye miaka sabini na minane, akaita kutoka benchi la tatu.

"Katunge! Mimi zangu za presha nilizitupa chooni kwa sababu yako. Sasa nifanyeje? Nizifuate?"

Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikafika hadi kwa Musyimi.

"Usizifuate," Katunge alisema. "Jumatatu narudi kliniki. Twende pamoja."

"Twende watatu," Wangechi alisema.

Kwenye benchi la nyuma mwanamume mmoja aliinua mkono, akauliza Jumatatu saa ngapi.