Dubu Katika Stesheni ya Orikawa

Tangu mkata tiketi wa mwisho alipostaafu na dirisha lake kupigiliwa mbao, Sanae hakuipenda tena stesheni ya Orikawa. Palibaki jukwaa moja, kibanda cha kungojea chenye madirisha ya kioo, na ukungu wa Novemba ulioshuka kutoka mlimani. Shule zilikuwa zimefungwa siku hiyo, hapakuwa na wanafunzi wa kungojea treni, kwa hiyo walikuwa wawili tu: yeye, akienda kazini kiwandani, na mama mkwe wake, Bi. Toyo, akienda mjini kwa daktari wa macho. Kunihiro, mume wa Sanae, alikuwa amewashusha kwa kigari chake cheupe akaenda zake.

Bi. Toyo alipakata mfuko wa kaki, matunda matamu ya rangi ya machungwa, yameiva hadi kulegea, zawadi ya dada yake.

“Mama, si tulikatazwa kutembea na kaki? Spika za mji zinapiga kelele kila jioni kwamba harufu yake inavuta dubu.”

“Spika hizo zinaogopa hata paka. Hebu kula moja, uso umekunyauka kama figili ya mwaka jana.”

Sanae alicheka, akageuza uso dirishani. Kitu cheusi kilikuwa kinakuja kwa kufuata reli, polepole, kichwa chini.

“Mbwa wa nani huyo, kanenepa hivyo?” aliuliza Bi. Toyo, akikaza macho yake mabovu.

“Si mbwa, mama.”

Dubu akapanda jukwaani kama abiria. Akasimama, akainua pua, akanusa. Kisha akaja moja kwa moja kibandani.

Mlango ule haukuwa na kufuli. Ulikuwa wa kusukuma pembeni. Hata mtoto aliweza kuufungua kwa kidole. Sanae aliurukia, akaushika mpini kwa mikono miwili na kukaza mguu ukutani. Pua yenye majimaji ikagusa kioo upande wa pili, karibu na tumbo lake. Pumzi ya mnyama ikatanda kiooni, ikafutika, ikatanda tena. Kucha zikaparuza. Mlango ukatikisika.

“Yatupe hayo matunda!” alinong’ona.

“Niyatupe wapi, na wewe umeziba mlango?” Mzee aliinuka, akaubana mwavuli wake kwenye mfereji wa sakafuni ambamo mlango uliteleza. “Shikilia, mwanangu. Shikilia hivyo hivyo.”

Mara taa mbili zikapenya ukungu barabarani. Kigari cheupe. Kunihiro alikuwa anarudi, na kutoka pale alipoegesha, kibanda kilimficha dubu kabisa. Sanae alimwona akifungua mlango wa gari, shali ya mama yake mkononi, akipiga mluzi.

Akinyamaza, mumewe atazunguka kona na kukutana na dubu ana kwa ana. Akipiga kelele, hakujua dubu angefanya nini.

“Kunihiro! Rudi garini! Dubu! Dubuuu!”

Dubu akasimama kwa miguu ya nyuma. Kifua chake kilikuwa na alama nyeupe kama mwezi mwandamo. Akakipiga kioo kofi, kikapasuka nyufa kutoka pembe hadi pembe, lakini hakikuanguka. Bi. Toyo akaanza kusali kwa sauti.

Ndipo honi ya gari ikalia, ndefu, bila kukoma. Kunihiro alikuwa ameingia garini na kuilalia. Dubu akashuka, akageuka huku na huku, na treni ya behewa moja ikatokea kwenye ukungu ikipiga king’ora. Mnyama aliruka upande wa pili wa reli, akapotea kwenye miti ya mierezi.

Dereva wa treni alikuja mwenyewe hadi mlangoni kuwachukua. Vidole vya Sanae havikutaka kuuachia mpini, Bi. Toyo alivibandua kimoja kimoja.

“Shali!” Sanae alimfokea mumewe, machozi yakimtiririka. “Ulitaka kufa kwa ajili ya shali!”

“Mama angepata baridi,” alijibu Kunihiro, mweupe kama karatasi.

Aliacha gari palepale, akapanda treni pamoja nao. Wiki zote zilizofuata, mpaka theluji ilipoanguka na dubu kwenda kulala mapangoni, alisimama jukwaani na mkewe kila asubuhi. Hata hivyo Sanae hakuingia tena kibandani. Afadhali baridi, alisema, kuliko kioo.