Ndoo ya Dokta Nusu

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Hata leo, akiwa daktari kamili mwenye koti lake na chumba chake, ukimwuliza habari za siku ile hakuachi umalize swali. "Mjinga nilikuwa mimi, tuendelee." Lakini utamu wenyewe uko hukohuko anakotaka kuruka, kwa hiyo turudi nyuma kidogo.

Chuo chao cha udaktari kilikuwa na desturi moja iliyowatoa wanafunzi jasho. Mwaka wa tatu, kabla hata hawajazoea harufu ya wodi, walitawanywa vijijini, mmoja nyumba hii, mwingine nyumba ile. Walilala huko, walikula huko, na kila mmoja alipewa mgonjwa wa nyumba hiyohiyo amfuatilie mpaka muhula uishe. Aliyeianzisha desturi hiyo alikuwa mhadhiri wao mmoja, mama mfupi wa kuvaa mabuti ya mpira hata jua likiwa la kukaanga mayai. Wanafunzi walimbatiza Mama Tembea, kwa sababu ya sheria yake: "Tembea siku ya mgonjwa kwanza, ndipo umpime." Bwenini waliicheka sheria hiyo mpaka mbavu zikaomba radhi.

Kijana wetu ndiye aliyecheka zaidi. Alikuwa wa kwanza darasani, na mtu wa kwanza darasani haoni sababu ya kutembea wakati majibu yote yako kitabuni.

Alipelekwa kwenye nyumba moja mlimani, ya Mama Fundi, mshona nguo, na mumewe, fundi baiskeli mwenye ulimi usiojua likizo. Mzee huyo alimtazama kijana akiteremsha begi la vitabu, akauliza, "Wewe ndiye daktari?"

"Bado, baba. Nimefika katikati."

"Basi wewe ni Dokta Nusu. Karibu ndani. Hiyo nusu nyingine huenda ukaikuta humu."

Jina likaganda kama kiraka kwenye tairi.

Mgonjwa wake alikuwa Mama Fundi mwenyewe, na ugonjwa ulikuwa presha. Jinsi ilivyogunduliwa aliisimulia usiku wa kwanza wakiwa mezani, akicheka peke yake. Alikwenda hospitali kuu ya mjini kumwona dada yake aliyelazwa ghorofa ya juu kabisa. Lifti ilikuwa imekufa na hakuna aliyekuja kuizika. Akapanda ngazi na kikapu chake. Alipofika juu anahema kama mvukuto, daktari aliyekuwa akipita akamwonea huruma, akamfunga mashine mkononi palepale, akatikisa kichwa na kumwandikia vidonge.

"Tangu hapo nameza," alisema Mama Fundi. "Ila, mwanangu, vinanifanya nione sindano mbili. Juzi nimedunga kidole. Naomba tu wasiniongezee kingine. Nikiongezewa, cherehani nitamwachia nani? Huyu mzee akishona suruali, itatoka na kengele."

"Na breki," mzee akaongeza. "Usisahau breki."

Dokta Nusu alicheka, lakini neno lile lilimwingia. Aliapa moyoni kwamba atamtibu mama huyu kwa bidii zake zote. Na bidii, kwa kweli, hakukosa. Kwanza aliifukuza chumvi. Aliieleza familia habari za chumvi na mishipa kwa ufasaha hata mzee akapiga makofi, na makofi hayo aliyajutia kesho yake alipoonja mboga. "Dokta," alisema, "chakula hiki kimekufa, au kimezimia tu?" Ikabidi mzee awe anaficha chumvi yake kwenye kopo la misumari kule kwenye banda la baiskeli.

Pili, alimpima mama kila asubuhi bila kukosa. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Alisoma mpaka usiku sana, kwa hiyo asubuhi usingizi ulikuwa mtamu. Kilichomwamsha kilikuwa sauti moja nje ya dirisha lake: puu! Akiisikia tu, huyo, miguu chini, mashine mkononi, mpaka kibarazani, anamkuta Mama Fundi ameketi kwenye kigoda. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Anamfunga, anapampu, anasikiliza. Presha iko juu. Kesho, juu. Keshokutwa, juu. Kisha Dokta Nusu anakwenda bafuni, ambako maji ya moto yanamngoja kila siku, anaoga akiwaza kwa nini dawa imeshindwa.

Maji hayo yalifikaje bafuni, hilo hakuliwaza. Siku ya kwanza aliuliza kwa adabu, "Mama, maji ya kuoga yanapatikana wapi?" Akajibiwa, "Utayakuta." Na kweli, aliyakuta.

Ikafika siku ya mtihani. Mtihani wenyewe ulifanyika uani kwa mgonjwa, mbele ya mgonjwa, kwa lugha ya mgonjwa. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya Mama Tembea. Alikuja mapema, mabuti yamelowa umande, na nyuma yake alikuja mtahini wa nje, daktari bingwa kutoka hospitali kuu ya mjini, mwenye viatu vinavyong'aa hata ukaweza kujinyoa humo. Wote walimwita Bingwa tu. Alikuwa amekuja na swali lake kubwa: je, mpango huu wa vijijini una maana yoyote, au ni kupoteza vijana? Mzee wa baiskeli aliwatolea viti, akabaki akizungusha gurudumu ili aonekane ana kazi.

Dokta Nusu alisimama, akakohoa kidogo, akafululiza. Mgonjwa ni mama wa makamo, mshona nguo. Ana presha. Anameza dawa yake bila kukosa, chumvi imeondolewa nyumbani (gurudumu likasita kidogo), lakini kila akipimwa, presha iko juu. Dawa moja imeshindwa. "Kwa hiyo napendekeza aongezewe ya pili."

Bingwa akatabasamu. "Safi sana. Hiyo ndiyo sayansi."

Mama Fundi alikiangalia kidole chake kilichodungwa, kisha akaitazama cherehani yake pale pembeni, kama mtu anayeaga. Dokta Nusu aliliona lile jicho, na sifa za Bingwa zikapoteza utamu. Ndicho kitu pekee ambacho mama aliomba asifanyiwe, naye ndiye anayemfanyia.

Mama Tembea alikuwa amemsikiliza mpaka nukta ya mwisho bila kumkatiza. Ndivyo alivyokuwa: alimwacha mtu ajenge nyumba yake yote, na paa apandishe, ndipo aulize msingi uko wapi.

"Umemweleza vizuri," alisema. "Unampima saa ngapi?"

"Asubuhi, Mwalimu. Akiamka tu."

Mzee akashindwa kujizuia. "Akiamka nani? Hapa anayeamka saa hiyo ni wewe!"

"Wewe mzee, nyamaza," mkewe akamkanya. "Mgeni hasemwi."

Lakini Mama Tembea alikuwa ameshageuka. Macho yake yalitua kwenye ndoo kubwa iliyokuwa chini ya dirisha la kijana, kitako chake kikiwa bado kina tope bichi. Hakuuliza ya nani. Hakukunja uso wala hakusema "si niliwaambia." Aliinua ndoo, akamwaga maji yake kwenye pipa, akampa Dokta Nusu mkononi kama mtu anayempa mwenzake chaki.

"Bomba liko bondeni. Nenda ukaijaze, uje. Mama, wewe utabaki hapo ulipo, umeketi."

"Mwalimu, mtihani..."

"Ndio huu."

Kushuka kulikuwa raha. Kupanda, jamani, kupanda! Ndoo ilimvuta bega, maji yakamwagikia suruali, kokoto zikaviringika chini ya viatu vyake vya mjini. Katikati ya mlima alipumzika, akajidanganya kwamba anatazama mandhari. Aliwapita kina mama wawili wakishuka, mmoja akamwambia, "Pole, Dokta. Leo Mama Fundi anaumwa?" Kijana akataka kujibu, pumzi ikakataa. Hapo ndipo alipoanza kuelewa, na alielewa kwa miguu kabla ya kichwa.

Alifika uani macho yamemtoka. Akaitua ndoo chini ya dirisha.

Puu!

Akasimama kama aliyepigwa kofi. Aliijua sauti ile. Ndiyo iliyomwamsha kila asubuhi, ndiyo iliyomtoa kitandani mbio na mashine yake ili amwahi mgonjwa. Na alimwahi kweli.

"Kaa hapa," Mama Tembea akamwambia, kitambaa cha mashine kimeshafunguliwa. "Lete mkono."

Akamfunga, akapampu, akasikiliza huku ameinamisha kichwa. Kisha akasoma namba kwa sauti. Zilikuwa juu, majirani na zile za Mama Fundi.

"Maskini, kijana mbichi hivi," alisema, akamgeukia Bingwa. "Nimwandikie dawa moja, au tuanze na mbili kabisa?"

Mzee wa baiskeli aliangusha spana. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Mwondoleeni na chumvi!" alipiga kelele. "Mwondoleeni na chumvi, aone!"

Hata Mama Fundi alijiziba mdomo kwa kanga. Kisha Mama Tembea akamfuata yeye, aliyekuwa ameketi kimya muda wote ule, mgongo umeegemea ukuta, mkono juu ya meza. Hakumpima mwenyewe. Alimpa Dokta Nusu mashine. Kijana akampima, akaitazama namba, akampima tena. Presha ilikuwa imetulia kama maji mtungini.

"Mama," alisema polepole, "maji yale... kila siku?"

"Sasa uoge na nini, mwanangu? Na vumbi?"

Alitamani ardhi ipasuke. Kanuni aliijua: mgonjwa aketi, atulie, ndipo apimwe. Kwenye karatasi aliiandika bila kosa, akapewa alama zote. Kumbe kuijua ni kitu kimoja, na kumjua aliyekupandishia maji ni kingine.

Mama Tembea hakumkandamiza. Alimwonyesha tu kazi iliyobaki: tangu kesho atachota maji yeye, ya kuoga na ya nyumba nzima, mama atapimwa akiwa ameketi na kutulia, asubuhi na jioni, kisha baada ya wiki chache watakaa tena waone kama hata hicho kidonge cha kwanza kinahitaji kupunguzwa. Cha pili kimefutwa. Aliyasema akimwangalia Mama Fundi usoni, si juu ya kichwa chake, akamwomba ayarudie kwa maneno yake. Mama akayarudia yote, na mwisho akaongeza, "Na cherehani haiendi popote." Dokta Nusu alimtazama yule mama mfupi wa mabuti, akajiambia kwamba siku akiwa daktari, hivi ndivyo anavyotaka kuwa.

Ila Bingwa alikuwa na uso wa mtu aliyeumwa na kiatu chake mwenyewe. Akasimama.

"Hili ndilo ninalolisema kila kikao," alisema. "Mnawaleta vijana huku, wanajifunza kukosea. Huyu afeli, arudie mwaka. Na mpango mzima tuufunge, waletwe wote kwangu, hospitali kuu. Kosa hili kwangu asingelifanya."

"Angelifanya, Daktari," Mama Tembea akajibu kwa upole. "Ila kwako ndoo asingeiona."

"Hapana, hapana. Kwangu kuna utaratibu. Aliyefundishwa kwangu hawezi kumpima mtu anayehema, akamwandikia vidonge!"

Mama Fundi alikuwa ameshasogea kwenye cherehani yake, anatunga uzi. Aliupitisha kwenye tundu mara moja tu, akaukata kwa meno, ndipo akainua macho.

"Basi yule aliyenipima mimi pale kwenye ngazi zako, baba," aliuliza, "yeye alifundishwa kijiji gani?"