Mnunuzi wa Mbono

"Wakulima wote wa mbono wa Rhotia mnatangaziwa kwamba, kwa ajili ya kuokoa hewa ya dunia nzima, mnunuzi atawasili Jumamosi saa nne asubuhi. Kila mkulima afike na mbegu zilizooshwa, akiwa amevaa nguo za Krismasi."

Josephati, katibu wa kigango, aliisoma barua hiyo baada ya misa kwa sauti ileile anayotangazia ndoa. Kwenye benchi la nyuma, Emmanueli alijiziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Aliiandika yeye, juu ya ndoo iliyopinduliwa, siku ya tatu tangu shule ya bweni imrudishe nyumbani kwa utundu.

Alidhani watu watacheka. Kampuni ya mbono iliondoka zamani. Ilikuja ikisema mmea huo hautaki maji wala rutuba, na mafuta yake yataendesha magari bila kuchafua hewa. Bibi yake, Germana, akafyeka migunga yote ya bondeni kuupisha, akaichoma. Moshi ukakifunika kijiji siku mbili. Kisha mbono ukanywa maji kama ng'ombe wa Ngorongoro, chemchemi ikakauka, na mbegu zenyewe hata mbuzi hawazigusi.

Lakini lililosomwa kanisani halijadiliwi. Jumatatu maksai wa kukodi walifika kwa Bibi kung'oa mibono ili apande mahindi na maharage. Akawarudisha. Mvua ya kupandia ikanyesha, majirani wakapanda, yeye akakaa kwenye kigoda anaosha mbegu. Kila Emmanueli alipofungua kinywa aseme, Bibi alimpa beseni lingine la kumwaga.

Jumamosi wakulima kumi na mmoja walisimama kando ya lami, wamevaa suti na magauni, magunia miguuni. Magari ya watalii yaliwapita yakielekea kreta ya Ngorongoro. Moja lilisimama, likawapiga picha, likaondoka.

Bibi alirudi jioni, gauni limelowa tope hadi magotini. Akasema labda gari la mnunuzi limekwama mahali; atasubiri Jumamosi nyingine. Halafu akamtazama mjukuu wake.

"Na wewe, baba, umeshinda wapi?"

"Nilikwenda kwa mwenye maksai. Wamepelekwa kulima huko Daa mpaka msimu uishe."

"Maksai wa nini, na mnunuzi anakuja?"

Emmanueli alimpokea gunia la mbegu.

"Haji, Bibi," alisema. "Ile barua niliandika mimi."