Mazishi ya Mzuka

Tuseme ukweli, filamu ya kwanza ilikuwa mbaya. Iliitwa Mzuka wa Tongaren, na aliyeiharibu kuliko wote alikuwa mzuka mwenyewe. Alijifunika shuka jeupe lenye maua ya buluu pembeni, shuka la mama yake, uso tu ukionekana, akatoka kwenye mahindi kuwatisha wavunaji, akakanyaga pindo, akaanguka kifudifudi. Badala ya kubaki chini kwa heshima ya kazi, aliinuka akicheka. Abdishakur, mwenye kamera, aliona jua linazama na hakuna muda wa kurudia, akaacha hivyohivyo. Watu wa Kitale na Bungoma waliicheka filamu ile mpaka mbavu zikawauma, na filamu ya kutisha ikishachekwa, basi tena.

Mzuka huyo alikuwa Wekoye, mtoto wa Wilkista na Wakoli. Shuka lilirudi nyumbani na madoa ya udongo ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza, na Wilkista alimgombeza mtu mzima kama mtoto wa chekechea.

"Mayi, hiyo sasa ni shuka ya staa," Wekoye akamwambia. "Weka poa. Tutaihitaji kwa ya pili."

Aliliweka, huku akinung'unika.

Pesa za kamera nzuri ya hiyo ya pili ndizo zilizompeleka Wekoye kaskazini, kwenye machimbo ya dhahabu. Mvua ilinyesha, shimo likaporomoka. Waliowahiwa walitolewa, halafu ukingo wote ukaanza kushuka, ikaamuliwa shimo lifukiwe na waliomo wabaki humo. Wekoye hakuwa miongoni mwa waliotolewa.

Kwa Wabukusu, mtu akifa na mwili wake usipatikane, jamaa huzika shina la mgomba badala yake. Watu wanalia, wananyoa nywele, na msiba unapata mwisho. Lakini Wakoli alikataa kabisa. Kuna aliyemwambia kwamba vijana wengine walitoka shimoni wakakimbia, na mfanyabiashara mmoja wa Kitale akadai alimwona Wekoye sokoni akibeba magunia.

"Ukizika mgomba na mtoto iko hai, umemuua," Wakoli alisema. "Na hapa kwangu hakuna mtu atalia. Kilio inaita kifo."

Basi ikawa kila Jumatatu anavaa koti lake la kanisani na kwenda Kitale, anazunguka sokoni akiwatazama vijana usoni mmoja mmoja, na jioni anarudi, anakula, analala. Wilkista akabaki na kilio chake kifuani. Alijaribu kulia akipepeta mahindi, akisingizia vumbi. Haikusaidia, kilio cha mama hakitoki kwa vipandevipande. Nabwile, jirani yake, alimwona anavyokonda, akanyamaza, kwani mambo ya nyumba ya mtu hayaingiliwi.

Hapo ndipo Abdishakur alipokuja kutoka Kitale, amevua viatu mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa na studio ndogo karibu na msikiti, alikopiga picha za harusi, na Wekoye alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana.

"Mama, nataka kufanya ile ya pili," alisema, macho chini. "Wekoye alikuwa ameipanga yote. Mamake mzuka anamzika vizuri ndiyo atulie, lakini yeye hatulii. Sasa nilikuwa nauliza, hiyo sehemu ya mama, ni sawa nikitafuta mtu?"

Wilkista akauliza, "Kwa sanduku mtaweka nini?"

"Kitu yoyote nzito tu. Hata mawe."

"Usilete mawe. Hiyo niachie. Na huyo mama usitafute, ni mimi. Mkuje Jumatatu."

Abdishakur alikubali kwa furaha. Watu wake huzika kwa sanda, bila jeneza wala mgomba, kwa hiyo hakujua alichokuwa amekubali.

Jumatatu hiyo, koti la Wakoli lilipopotea kwenye kona ya barabara, Wilkista alichukua panga akaenda nyuma ya simba ya Wekoye, kile kibanda cha kijana ambacho hakuna aliyekifungua tangu aondoke. Alikata mgomba mmoja, akauegemeza begani pake kuupima, kwa sababu alijua kimo cha mwanawe kilimfika wapi. Akaupunguza kidogo. Kisha akaufunga kwenye lile shuka lenye maua ya buluu, akaulaza kwenye jeneza la filamu na kufunika mwenyewe.

Majirani walioitwa kuigiza waombolezaji walikuja wakicheka. Kina mama walikuwa wamevaa vizuri kuliko wanavyovaa kwenye matanga ya kweli, na Rosaline wa dukani alikuwa amejipaka mdomo rangi, akaambiwa na Abdishakur aifute. Wanaume wanne wakainua jeneza. Walipoliinamisha kidogo, maji ya mgomba yakachuruzika kwenye pembe, yakamdondokea mmoja wao kwenye shati.

Doa la mgomba kila mtu wa Tongaren analijua. Yule mwanaume alilitazama, akamtazama Wilkista, akavua kofia. Kicheko kikakatika. Nabwile aliweka mkono mdomoni, kisha akaanza wimbo, si ule waliofundishwa na Abdishakur bali ule wa mazishi, na wengine wakaupokea kwa sauti ya chini.

Wilkista akalia. Kwenye filamu mzuka alikuwa na jina jingine, lakini yeye hakulikumbuka. "Wekoye," aliita. "Wekoye, omwana wange." Alipiga magoti kwenye udongo akamwita tena na tena, na kile kilichokuwa kimemkaba kifuani tangu shimo lile lifukiwe kikatoka chote, mbele ya kamera.

Kaburi walilochimba pale nyuma ya simba lilipojaa udongo, Abdishakur akajikohoza. "Ilikuwa safi sana, mama. Ni upepo tu imeingia kwa sauti. Tukifukua kidogo, turudie hapo mwisho..."

"Hapa hakuna kitu inafukuliwa, kijana yangu," Nabwile alimwambia. "Enda na hiyo umepata."

Abdishakur alitazama nyuso zile, moja baada ya nyingine, mpaka akaelewa. Alizima kamera.

Jioni Wakoli alikuta tuta jipya la udongo nyuma ya simba. "Hii ni nini?"

"Ni ya filamu."

"Na ndani mmeweka nini?"

"Kijana alitaka kitu nzito. Tukaweka."

Wakoli hakuuliza zaidi. Tangu siku hiyo alikuwa akizunguka mbali kukwepa tuta lile, macho yake yakitazama kwingine.

Filamu ilionyeshwa Jumapili moja mchana, kwenye ukumbi wa Kanduyi uliozibwa madirisha kwa mapazia mazito. Wakoli alikubali kwenda kwa kuwa hadithi ilikuwa ya mwanawe. Watu walikuja tayari kucheka. Walicheka mwanzoni, kwa mazoea, halafu wakaacha. Ukumbi ule uliozoea kelele ukawa kimya mpaka kiti kikilia kila mtu anashtuka.

Kisha yakaja mazishi. Wilkista alijiona amepiga magoti, akasikia sauti yake mwenyewe. Na nyuma yake, pale mahindi yanapoanzia, akatokea mtu mwenye shuka jeupe. Abdishakur alikuwa amefukua picha za zamani, akachukua kipande cha kabla ya kuanguka, akakipandikiza pale kwa ufundi ambao hakuna aliyejua anao. Wekoye alisimama kwenye mahindi, akimtazama mama yake akimzika.

Ukumbi mzima ulipiga yowe. Wanawake walishikana, kijana mmoja alitoka mbio na soda yake. Wilkista hakuwa ameambiwa. Aliona macho ya mwanawe, akashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

Wakoli hakupiga yowe. Aliinama mbele kama alivyokuwa akiinama sokoni anapoona mgongo unaofanana. Pale mbele, jeneza lilikuwa likiinamishwa, na maji yalikuwa yakichuruzika kwenye pembe. Wakoli ni Mbukusu. Hakuhitaji kuelezwa.

Nje watu walimzingira Abdishakur. "Bana, hii imeshinda ya kwanza mbali sana." "Ya kwanza ilikuwa vichekesho, hii ni filamu." Msichana mmoja akamshika Wilkista mkono. "Mathe, hiyo kilio ilikuwa noma. Si utuambie ulifanyaje?"

Wilkista alitabasamu kwa adabu. Alikuwa akimtafuta mumewe kwa macho, na mumewe alikuwa ameshatangulia.

Njiani Wakoli alisema, bila kugeuka, "Ulizika mgomba."

"Nilizika."

"Bila mimi."

"Ungekataa, Baba Wekoye."

"Mimi niko Kitale natafuta, na wewe uko hapa unazika."

Walipofika nyumbani aliingia kulala bila kula. Wilkista alijua anaweza kufukuzwa, na alishapanga moyoni ni kitu gani atabeba.

Asubuhi ilikuwa Jumatatu. Alichemsha chai mapema kama kawaida, lakini koti lilikuwa bado limetundikwa. Alimkuta Wakoli nyuma ya simba, peku, ameketi kwenye kigoda kando ya tuta.

"Leo huendi?"

Wakoli alitikisa kichwa. "Yule mtu wa Kitale aliniambia kitambo. Ati alikosea, ilikuwa kijana mwingine." Alisugua magoti yake. "Nikaendelea tu kuenda. Sasa ningekaa hapa nikifanya nini?"

Wilkista akachuchumaa kando yake. Moyo ulimuuma kwa ajili yake, na kwa zile Jumatatu zote alizomwona akivaa koti na kumlaani kimoyomoyo.

"Jana nimemwona," Wakoli alisema. "Lete wembe."

Alileta wembe na maji kwenye karai. Alimnyoa polepole, na nywele zenye mvi zikaangukia udongo wa tuta. Mabega ya Wakoli yalianza kutikisika. Wilkista alisubiri yatulie, akaendelea. Alipomaliza alimpa wembe, akafungua kitambaa chake cha kichwani na kuinama, naye Wakoli akamnyoa.

Baadaye walikaa pale, vichwa vikimeremeta juani. "Iko kwa simu?" Wakoli akauliza.

"Ile ya pili? Abdishakur alinitumia."

"Hapana. Hiyo ni ya watu. Ya kwanza."

Ya kwanza, ile mbaya, ilikuwepo tangu zamani. Wilkista alishika simu katikati yao, akaikinga jua kwa kiganja. Mahindi yakatikisika, mzuka akatoka, akakanyaga pindo, akaanguka. Akainuka akicheka, udongo puani, akiitazama kamera.

"Rudisha," Wakoli akasema. "Rudisha hapo anaamka."

Wilkista akarudisha.