Mgonjwa Aitwaye Mpya

"Tovuti yenu inaniambia sipo," mwanamke wa tisa asubuhi ile alisema pale mapokezi, mkono juu ya tumbo la miezi minane. "Na mimi ndiye huyu hapa."

Mama Pacha alimwomba radhi, akamwandikisha kwa kalamu, kisha akarudi haraka chumba cha kompyuta. Miaka kumi na minne alikaa dirisha lile la mapokezi akielekeza watu: huyu maabara, yule wodini. Alipotimiza hamsini akajifunza kuandika programu, wenzake wakimtania kwamba anataka kuzeeka na kompyuta. Sasa tovuti ya hospitali ilikuwa na siku mbili tu tangu ifunguliwe, na sehemu inayopokea kila ombi na kulipeleka kwenye ukurasa wake aliiandika yeye.

Mkuu wa kitengo alikuwa ameshasema: ikifika saa sita bado hivi, inafungwa, watu warudi kwenye foleni.

Alifungua orodha yake ya kanuni. Kompyuta huisoma kutoka juu, na kanuni ya kwanza inayolingana na anwani ndiyo inayolichukua ombi. Akafuatisha kwa kidole anwani waliyobonyeza wale wanawake: wagonjwa/mpya. Hakufika mbali. Juu kabisa alikuwa ameweka wagonjwa/jina-lolote, inayofungua faili la mtu mwenye jina hilo. Wagonjwa/mpya, kanuni ya fomu ya kujiandikisha, ilikuwa chini yake, haijawahi kufikiwa na mtu. Tangu jana kompyuta ilikuwa ikihangaika kumtafuta mgonjwa aitwaye Mpya.

Mama Pacha alicheka hadi machozi yakamlenga. Akauhamishia juu mstari wa fomu, akajaribu mara tatu. Fomu ikafunguka mara zote tatu.

Mkuu alimkuta akifuta miwani. Aliuliza kulikoni.

"Nilipanga vibaya," alisema. "Anayepokea kila mtu nilimtanguliza mlangoni. Mwenye kazi yake maalumu akabaki nyuma, haonekani."

"Na dawa yake?"

"Mstari mmoja, nimeupandisha juu."

Mkuu alitazama saa ya ukutani. Saa tano kasorobo. Akavuta kiti, akaketi kando yake.

"Hebu nionyeshe, mama. Polepole."

Kwenye skrini maombi yalianza kuteremka, moja baada ya jingine, na Mama Pacha akayafuata kwa kidole bila kugusa kioo.